Kubaki Mji Mkongwe au kuhamia shamba: pimeni kwa siku ya mzee wenu

Nyumba yetu ya Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ina ngazi 34 kutoka mlango wa nje mpaka chumba cha mama. Hakuna aliyewahi kuzihesabu mpaka mwaka ule mama alipoanza kuzipanda kwa vituo vitatu, mkono ukutani, pumzi juu juu. Ndipo watoto wake watano tukakaa kitako kulizungumza lile ambalo kila mmoja alikuwa akilizungumza kwake tu: mama abaki mjini, au tumrejeshe shamba, yaani kijijini Bambi, alikozaliwa?

Najua hatuko peke yetu. Pita Mkunazini, Malindi, Hurumzi au Sokomuhogo, utakuta nyumba za ghorofa mbili na tatu ambazo juu kabisa anaishi mtu mzima mmoja, na watoto wametawanyika Fuoni, Mwanakwerekwe, Dar es Salaam na Omani. Nayaandika haya kwa ajili ya wenye vikao kama vyetu.

Vikao vyetu vya mwanzo vilipotea bure kwa sababu tulilinganisha nyumba na nyumba. Ile ya mjini ingeuzwa kiasi gani, ya shamba ingejengwa kwa kiasi gani, nani atatoa nini. Dada yangu mkubwa ndiye aliyetugeuza. Alisema, "Anayehama ni mama, si nyumba. Mfuateni tangu alfajiri mpaka isha, muone siku inamkalia vizuri wapi." Tulifanya hivyo, na nikitazama nyuma naona hicho ndicho kipimo pekee kilichotufaa.

Siku yake Kiponda

Anaamka na adhana, na haiwi moja, zinapokezana kutoka misikiti mitatu minne. Kuta za mawe ni nene, kwa hiyo hata Februari, kaskazi ikikata na joto likikaza, chumba chake kina ubaridi. Kijana wa duka la chini hutia boflo na maziwa kwenye kapu, mama akalivuta kwa kamba dirishani. Saa nne wanaanza wageni. Mmoja katoka sokoni Darajani, mwengine anakwenda hospitali ya Mnazi Mmoja kumuangalia mgonjwa, wa tatu kapita tu. Mji Mkongwe una neema hiyo ambayo hakuna shamba litakalokupa: watu wanapita karibu na kwako wakiwa na safari zao, na kupanda kukusalimia hakuwagharimu kitu.

Lakini tulipomfuata kweli, tuliona mambo ambayo sisi wenyewe hatukuyataka. Alikuwa anashuka mara moja kwa wiki, mara nyingine hata hiyo moja inakosekana. Maji ya mfereji hayapandi mpaka juu, yanategemea tangi la chini na mota, na mota ikiharibika ndoo inapanda ngazi 34 mkononi mwa mtu. Na katika milango 11 ya kichochoro chetu, mama alikuwa anawajua wa milango minne tu. Iliyobaki ni nyumba za wageni, maduka ya vinyago, na moja imefungwa kwa kufuli miaka mingi. Mtaa tuliokuwa tunaogopa kumtoa, nusu yake ulikuwa umeshahama kabla yake.

Siku yake Bambi

Bambi iko Wilaya ya Kati, ndani, upande wa udongo mzuri. Huko kuna shamba alilopewa babu, na mdogo wake mama anaishi hapo na wajukuu. Tulimpeleka kwa majaribio, na majaribio hayo tuliyafanya masika, kwa makusudi. Disemba kila shamba linapendeza, maembe yameiva, shokishoki zinauzwa njiani, mvua za vuli zimeshalainisha ardhi. Aprili ndiyo inayokwambia ukweli: njia ya kutoka lami imekuwa tope, gari ya abiria inakushusha mbali, nguo hazikauki, mbu wamejaa.

Mama aliamka, akafungua mlango, akawa nje. Hivyo tu, bila ngazi. Wiki ya kwanza alikuwa anakwenda mpaka kwenye mgomba na kurudi. Wiki ya tatu alikuwa anachuma kisamvu mwenyewe na kugombana na kuku. Miguu iliyokuwa imevimba mjini ilipungua, na hilo nililiona kwa macho yangu.

Ila mchana ulikuwa mrefu. Watu wa shamba wanaamka na kazi. Saa tatu asubuhi kila mtu yuko kondeni au skuli, na kijiji kinakuwa kimya. Siku ya kumi mama aliniuliza kwa simu, "Hapo nyumbani leo nani kapita?" Nilimtajia. Akanyamaza, kisha akasema, "Huku hodi inapigwa magharibi." Nilikaa na neno hilo usiku mzima.

Kwa hiyo mizani yangu ni hii. Mjini mzee anapata watu na kukosa mwili wake, shamba anaupata mwili wake na kupunguziwa watu. Kama shamba hana ndugu wa damu anayelala nyumba hiyo hiyo au ya pili yake, basi hapati hata hao wa magharibi, na mimi nasema asiende. Msimjengee mama nyumba nzuri mahali ambapo sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, ndiye mtu pekee anayemjua. Na sheha lazima ajulishwe siku ya kwanza, hata kama mama ni mzaliwa wa hapo.

Usiku wa ugonjwa

Hapa wengi wanamaliza mjadala mapema: mjini kuna Mnazi Mmoja, basi. Sisi tulikuwa tunasema hivyo hivyo, mpaka mama alipoanguka chumbani usiku mmoja. Gari haifiki mlangoni kwetu. Tulimfunga kwenye kiti kwa kanga, vijana wanne wakamshusha ngazi moja moja, wakambeba kichochoroni mpaka barabara ya Darajani. Tangu kuanguka mpaka kuingia garini ilikuwa zaidi ya nusu saa. Bambi gari inaingia mpaka uani, na kwa usiku usio na magari barabarani safari ya mjini si ndefu kama tunavyoidhania. Zipo pia hospitali za wilaya zilizojengwa miaka ya karibuni, ambazo kwa mvunjiko au homa zinatosha.

Sisemi shamba ni sawa na mjini kwa matibabu. Mwenye moyo dhaifu, anayesafishwa figo, anayetakiwa kuonekana na daktari kila wiki, huyo abaki karibu, hata ikibidi kumtafutia chumba cha chini Kikwajuni au Miembeni. Mama ana presha na sukari, kliniki yake ni mara moja kwa mwezi. Kwa mtu kama yeye ngazi zilikuwa hatari kubwa kuliko umbali.

Nyumba nayo ni mgonjwa

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na dari zake zinabebwa na boriti za mikoko. Vyumba ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti ina urefu wake, haiongezeki. Ukuta wa namna hii unapumua: unanyonya unyevu na kuutoa. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu unabaki ndani, chumvi inatoka, plasta inafura na kubanduka, na ncha za boriti zilizozama ukutani zinaanza kuoza mahali ambapo huoni. Choo kilichoongezwa juu na wajukuu, bomba linalovuja taratibu, paa lililoachwa msimu mmoja: hivyo ndivyo nyumba zinavyoanguka. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka na watu wawili wakafa, na lile ni jumba ambalo dunia nzima inalijua. La kwenu nani analiangalia?

Kwetu tulikuta boriti saba za ukumbini zimeoza ncha. Ukitaka kutengeneza, unahitaji kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, kwa kuwa mji huu ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na unahitaji fundi anayejua chokaa. Mafundi hao wapo lakini si wengi, na chokaa ina subira zake, haikimbizwi. Naunga mkono masharti hayo kwa moyo wote. Ila familia iyaingize kwenye hesabu: kubaki mjini si bure kwa sababu nyumba ni yenu. Kila baada ya masika kuna kazi.

Nyumba ya shamba ni rahisi kuitunza, na ni rahisi pia kuijenga vibaya. Matofali na mabati bila dari ni tanuri kuanzia saa tano. Wekeni dari, acheni upenu mpana upande wa kusi, msikate miti kwa kutaka uwanja. Lakini msijenge chini ya minazi, nazi haina macho. Choo kiwe ndani, cha kukaa, na chuma cha kushikia ukutani. Hilo la chuma tulilisahau, tukalirudia baadaye kwa gharama.

Kumhamisha mama si kuuza nyumba

Hapa nataka nikae kidogo, maana familia nyingi zinavunjika hapa.

Baba alifariki akaacha mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Kwa hesabu ya mirathi mama ana thumni, na kinachobaki ni chetu, mwanamume fungu la wanawake wawili. Kwetu ilikaa sawasawa: mafungu manane, mama moja, sisi wanawake moja moja, kaka zetu mawili mawili. Hesabu hii inapatikana Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kama hamuiwezi wenyewe, na ni vyema ifanywe kwa maandishi kabla ya neno lolote la kuhama.

Tazameni maana yake. Mama aliyeingia nyumba ile bi harusi mwaka 1969, akaifagia na kuipaka chokaa zaidi ya miaka hamsini, ana sehemu moja kati ya nane. Siku akitoka na nyumba ikauzwa, anarudi shamba na thumni, na hana tena pa kurudia. Watoto hawamdhulumu, sharia imetimizwa, lakini yeye mlango umefungwa nyuma yake. Ndiyo maana nasisitiza: amueni la mama kwanza, mumalize, mwaka upite, kisha ndipo mufungue la nyumba. Wanaonunua wapo, wanakuja na bei za kutia kizunguzungu kwa sababu ya utalii, na bei hiyo itakuwepo mwakani pia. Mzee hamuwezi kumjaribu mara ya pili.

Kati ya kuuza na kukodisha, kwa nyumba iliyo nzima mimi ni wa kukodisha. Inaingiza cha matengenezo, na kila mrithi anaendelea kuwa na fungu lake. Kwa nyumba iliyooza, ambayo hakuna kati yenu anayeweza kutoa fedha, kuuza ni kuiokoa, mradi mnunuzi ana nia ya kuitengeneza. Na kama nyumba ni wakfu, hakuna mjadala: haiuzwi. Ulizeni hilo mapema, wapo waliokwenda mpaka kwenye bei ndipo wakakumbushwa kuwa bibi aliiwekea wakfu.

Shamba ni la nani?

Mtu wa mjini anadhani shamba ni jambo jepesi. Si jepesi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote Zanzibar ikawa mali ya Serikali, na unachomiliki ni haki ya kuitumia, kwa mujibu wa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992. Familia nyingi zilipewa eka tatu tatu, kama babu yetu. Zilitolewa ili zilimwe. Hazikutolewa ziuzwe wala zikatwekatwe vipande vya viwanja, na yeyote anayekuja na karatasi ya mkono akikuuzia robo ya eka tatu anakuuzia kesi. Sahihi ya sheha kwenye karatasi hiyo haiigeuzi kuwa hati. Nendeni ofisi ya ardhi kabla ya kumwaga zege.

Jambo jengine ambalo halipo mjini kabisa: miti. Kwetu mwembe unaweza kuwa na mwenyewe asiyekuwa mwenye ardhi. Minazi, mikarafuu, midoriani, inarithiwa peke yake. Tulipotaka kukata minazi miwili ili tupate nafasi ya nyumba ya mama, alitokea mtoto wa marehemu ami yake, kwa adabu kabisa, akasema minazi ile ni ya mama yake yeye. Tulikaa, tukaelewana, tukailipia. Lau tungeikata kwanza, mama angeanza maisha yake mapya kwa ugomvi na ndugu wa damu.

Na shamba si moja. Upande wa magharibi na kati ya Unguja kuna udongo mzito, mwekundu au mweusi, unaokubali mgomba, muhogo, majimbi na miti mikubwa. Upande wa mashariki na kusini ni maweni, mawe ya matumbawe yenye udongo mchache mfukoni, na visima vyake mara nyingi vina maji ya chumvichumvi. Mwenye asili ya Makunduchi atapapenda Makunduchi na ana haki, lakini kama mzee anatazamia kujilimia, maweni yatamchosha. Na Paje, Jambiani au Nungwi sipahesabu kuwa shamba la mapumziko siku hizi, usiku wa huko una muziki kuliko Forodhani. Waliojenga Tunguu wako katikati: si mji, si shamba, barabara nzuri, majirani wote wageni kama wewe. Kwa mtu wa miaka arobaini panafaa sana. Kwa mama yangu pangekuwa kukosa pande zote mbili.

Maji na umeme nayapitia haraka kwa kuwa tofauti imepungua. Mita ya TUKUZA, ya umeme wa kulipia kabla, ipo mjini na ipo shamba. Sehemu kubwa ya umeme wetu Unguja inapita kwenye nyaya za chini ya bahari kutoka Bara, na umeme ulipokatika mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kiza kilikuwa cha wote. Tofauti ilikuwa kwenye maji: wa kisima cha kamba na ndoo aliendelea kunywa, sisi wa mota tulipandisha ndoo. Tangu hapo, mtu akinionyesha nyumba ya shamba, naanza kwa kuuliza kisima kiko wapi na maji yake yana ladha gani.

Tulivyoamua

Kabla ya Bambi tulijaribu dawa ndogo kwanza, na nawashauri muijaribu: kumteremsha mama chumba cha chini cha nyumba ile ile. Kama tatizo ni ngazi tu, hilo linatosha, na abaki na hodi zake. Kwetu chini kuna duka, na chumba kilichobaki hakina dirisha. Alilala humo siku nne akasema ni kama kaburi. Hatukumlazimisha.

Mama amehamia Bambi baada ya Idi, nyumba moja na mdogo wake, mlango unaotazama mgomba. Binti wa dada yangu na mumewe wamejenga hatua chache kutoka hapo, kwa hiyo mchana kuna sauti ya mtoto. Mara moja kwa mwezi anakuja mjini kwa kliniki, na siku hiyo hatuifanyi ya dawa tu. Analala siku tatu kwangu Kikwajuni, chini, na wageni wake wa saa nne wameshaijua njia.

Nyumba ya Kiponda imekodishwa kwa mkataba wa miaka mitatu, kodi ya mwaka wa kwanza yote inakwenda kwenye boriti za ukumbini. Chumba kimoja hatukukiingiza kwenye mkataba. Kina kitanda chake cha samadari, sanduku lake na lile kapu la dirishani, na ufunguo anao yeye, kwenye fundo la kanga. Mpangaji alikubali bila ya shida, na mwezi uliopita mama alipanda mwenyewe kwenda kukifungua ili kipate hewa. Vituo viwili.